Prado moja, kazi mbili: kuandaa gari la safari za porini ambalo Jumatatu linapeleka watoto shule

Mwanzisha uzi, Tabora mjini

Wanajukwaa, nawasalimu.

Tangu nilipoanza kuliandaa gari langu kwa safari za porini, swali ninaloulizwa mara nyingi hapa mjini ni hili: mtu mwenye gari moja tu, ambalo ndilo la kwenda kazini, la kupeleka watoto shule, la kumpeleka mama hospitali na la kubebea magunia ya mahindi, anaweza kuliandaa kwa safari ya siku kumi katika hifadhi za Katavi au Ugalla bila kuliharibia kazi zake za kila siku? Anaweza, lakini si kwa njia niliyoanza nayo mimi. Njia ile ilinigharimu fedha nyingi, na asubuhi moja nusura inigharimu mtoto, ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 1999, ile ya toleo la 95, injini ya dizeli 1KZ-TE ya lita tatu, gia za mkono, magurudumu yote manne yanavuta wakati wote na difu ya kati inafungwa unapohitaji. Nyumbani tupo sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua kwa miaka mingi. Mama namtaja mapema kwa sababu ndiye aliyenifundisha habari ya kimo cha gari kuliko fundi yeyote.

Kabla ya vyuma, tuhesabu siku. Mwaka jana gari hili lilikaa safarini siku 22, na siku 343 zilizobaki lilikuwa likizunguka kati ya Ipuli, sokoni, shuleni na kazini, au likienda Nzega na Urambo kwa shughuli za kawaida. Hata hizo siku 22, sehemu kubwa ya mwendo ilikuwa kwenye lami, kwa sababu barabara ya kutoka hapa kupitia Sikonge na Ipole hadi Mpanda imeshawekwa lami, na kutoka Mpanda hadi Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, si mbali. Kwa hiyo gari nililokuwa nikiliwazia matope na mito, kwa kweli lilikuwa linakimbia kilomita 80 hadi 100 kwa saa kwenye lami likiwa limesheheni watu na mizigo, na matope yenyewe yalikuwa ya kilomita chache. Mtu akiifanya hesabu hii kwa uaminifu kabla hajanunua kitu, nusu ya orodha yake itajifuta.

Mimi sikuifanya. Mwaka wa kwanza nilifunga kila kitu kwa mpigo. Bampa la chuma lilikuwa na kilo 60 na winchi, ile mashine ya kujivuta ukikwama, kilo 40. Keria ya chuma kilo 45, hema la juu ya paa kilo 62. Kwa ndani nikachongesha droo za mninga, maana ukikaa Tabora unaona ni aibu kuweka mbao nyingine, na zile droo peke yake zilikuwa na kilo 68. Friji kilo 21, betri ya pili kilo 26. Jumla ni kilo 322, na hapo sijahesabu maji lita 60 wala madumu mawili ya dizeli, ambayo ni kilo 94 nyingine, wala vyombo, wala chakula, wala mtu hata mmoja. Nikanyanyua gari kwa inchi tatu, nikafunga springi ngumu zilizotengenezwa kwa gari lenye mzigo wa kudumu wa kilo 400, nikavisha matairi ya 265/75 badala ya 265/70 yaliyokuja nalo. Gari likapendeza sana, watu walikuwa wakisimama kulitazama.

Tuliporudi kutoka Katavi nililipeleka kwenye mzani wa ghala moja la mazao kabla ya kushusha chochote. Tulipima magurudumu ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima. Lilikuwa limezidi uzito wa juu uliowekwa na mtengenezaji kwa kilo 140. Huo ndio uzito ambao breki zake, chesisi yake na vyuma vyake vya magurudumu vilipigiwa hesabu, na springi mpya haziubadilishi, japo wauzaji wengi huzungumza kana kwamba ukibadilisha springi umeliruhusu gari kubeba zaidi. Springi zinalinyanyua gari, lakini breki ni zilezile.

Mjini mambo yalikuwa hivi. Droo ziliondoa viti vya nyuma kabisa, kwa hiyo familia ya watu sita haikuenea tena kwenye gari lililonunuliwa kwa ajili ya familia ya watu sita. Springi za kilo 400, gari likiwa tupu, zilirusha watu kwenye kila tuta, na mama akaanza kuniambia kwa upole kwamba afadhali bajaji. Kupanda kwenyewe kulimshinda. Siku moja nilimkuta amesimama mlangoni na kile kigoda chake cha jikoni mkononi, akanieleza kwamba anakwenda nacho hospitali, kwa sababu akishushwa kule hatakuwa na cha kukanyagia wakati wa kupanda kurudi. Nilikibeba kile kigoda, nikakiweka kwenye droo za mninga, na njia nzima sikuwa na la kumjibu.

Halafu kuna miembe. Anayeijua Tabora anajua mitaa yake ilivyofunikwa na miembe, na kwamba matawi mengi yameshuka kiasi cha kuruhusu gari la kawaida tu. Hema langu lilikuwa limefikisha kimo cha gari kwenye mita mbili na sentimita arobaini. Nilichana turubai lake mara mbili nikiwa naegesha kivulini, na barabara ninazopita nikaanza kuzichagua kwa kuangalia matawi. Kwa upande wa mafuta, gari lililokuwa likinipa kilomita 9.5 kwa lita lilishuka hadi 7.6, na hali hiyo haikuwa ya safari peke yake. Ilikuwa ya kila siku, hata ninapokwenda kununua mkate, kwa sababu vyote vile vilikuwa vimefungwa moja kwa moja.

Sasa niseme la ile asubuhi. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, saa moja kasoro robo, mvua ya usiku ilikuwa imeacha madimbwi barabarani. Nilikuwa nakata kona kuingia kwenye geti la shule, mwendo wa mtu anayetembea, watoto wote watatu wako nyuma. Nilisikia mlio kama wa mti mkavu unaovunjika, usukani ukalegea mikononi, na upande wa kushoto wa mbele ukakaa chini. Niliposhuka nilikuta gurudumu limelala chini ya fenda, limegeuka nje kama mguu ulioteguka. Boljointi ya chini, kile kiungo kinacholishikilia gurudumu kwenye mkono wa chini, ilikuwa imechomoka. Jumapili yake nilikuwa nimetoka Nzega kwa kilomita 90 kwa saa, na watoto walewale. Nilisimama pale getini nikiwashika mikono, wazazi wengine wakipiga honi nyuma yangu, na kilichokuwa kichwani mwangu ni lami ya Nzega peke yake.

Boljointi za chini za mbele ni udhaifu unaojulikana wa Prado za umri huu na za Hilux Surf za wakati wake. Nami nilikuwa nimeziongezea kilo 100 za bampa na winchi mbele kabisa ya gari, matairi mazito zaidi, na pembe mbaya iliyotokana na kunyanyua inchi tatu. Uchakavu ulianzia kwenye barabara za porini, lakini haukujionyesha kule, ulisubiri geti la shule. Tangu hapo gari naliangalia kwa swali moja: kila kinachobaki kwenye gari siku zote ni lazima kiwe na kazi mjini pia, na ambacho hakina kazi mjini kiweze kutoka ndani ya saa moja.

Kwa kipimo hicho, mkonga, yaani bomba la hewa ya injini linalopanda hadi usawa wa paa, umebaki. Wengi wanadhani mkonga ni wa kuvukia mito, na ni kweli kwamba unainua mahali ambapo injini inavutia hewa, lakini hapa kwetu maji ni ya siku chache na vumbi ni la miezi sita. Ukiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya changarawe mwezi wa nane, hewa ya usawa wa paa ina vumbi pungufu kuliko ile ya usawa wa boneti, na filta yangu inakaa safi kwa muda mrefu zaidi. Ila mkonga uwe umeungwa vizuri hadi kwenye boksi la filta bila tundu lolote. Niliwahi kuufungua wa rafiki yangu tukakuta kiungo cha chini hakijabanwa kabisa, yaani injini ilikuwa inavuta hewa ya ndani ya fenda miaka yote, na siku ya kuvuka maji ingevuta maji. Anayevuka maji akumbuke pia mipira ya kupumulia ya difu, iwe imepandishwa juu, kwa sababu difu yenye moto ikiingia kwenye maji baridi huvuta maji kupitia pale pale inapopumulia, na oili inageuka rangi ya maziwa.

Betri ya pili nayo imebaki, kwa sababu umeme unapokatika usiku inawasha taa za nyumbani na kuchaji simu. Hesabu yake si ngumu. Friji yangu inakula wati 45 inapofanya kazi, ambayo kwenye volti 12 ni karibu ampea 3.75, na kwa siku inafanya kazi karibu nusu ya muda, kwa hiyo inakula ampea-saa 45. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, vinginevyo inakufa mapema, kwa hiyo ninayo siku moja tu ya kusimama mahali bila kuwasha injini. Paneli ya sola ya wati 100 ninayoitandika kwenye boneti inanirudishia kama ampea-saa 30 siku ya jua, na hiyo inatosha kunifikisha siku ya tatu. Kuna jambo moja la kusisitiza: fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwa sababu waya mnene usio na fyuzi ukisuguana na bodi unaweza kuunguza gari lote mkiwa mmelala.

Springi za kilo 400 niliziuza. Nimeweka za wastani zilizonyanyua gari kidogo tu, karibu inchi moja, na ndani ya springi za nyuma kuna mifuko ya upepo. Mjini ina upepo kidogo, gari linakaa laini. Siku ya safari naijaza hadi mgongo wa gari unanyooka na taa haziangalii mbinguni. Mifuko hiyo nayo haiongezi uzito unaoruhusiwa, inasawazisha tu. Mama anapanda sasa bila kigoda, anashika mpini wa juu na kukanyaga ngazi ya pembeni.

Kwenye matairi nimerudi 265/70 ya njia zote, yale ya meno ya wastani. Yale ya 265/75 yana kipenyo kikubwa kwa takriban asilimia 3.4, maana yake mshale ukisoma 50 wewe uko karibu na 52, na mwenye kupita vijiji vyenye kibao cha 50 anajua tofauti hiyo inaweza kumkutanisha na nani. Lakini upepo una faida kuliko saizi. Lami na mzigo: mbele psi 36, nyuma 40. Changarawe yenye mawimbi: 28, na mwendo usizidi 60. Mchanga: 18 hadi 20, taratibu, bila kukata kona kwa ghafla. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri ndiyo kifaa nilichokitumia zaidi kuliko vyote, na mjini imeshawasaidia majirani wengi wenye pancha.

Droo za mninga zipo sebuleni, zinahifadhi vitabu vya watoto, na zinapendeza. Mahali pake pana masanduku matatu ya plaiwudi ya milimita 12, yanayofungwa kwa mikanda kwenye ndoano za sakafuni. Yakitoka, viti vinarudi. Maji nayabeba kwenye madumu ya lita 20 nyuma ya viti vya mbele, chini kabisa, si juu ya keria. Kitu kizito kikae chini na katikati ya magurudumu. Juu ya paa viende magodoro na nguo.

Ni hayo kwa leo. Karibuni kwa maswali, hasa wenzetu wa Kigoma ambao barabara zao zina milima kuliko hizi zetu.

Mchangiaji, fundi, Kasulu

Mkuu, umeandika vizuri na pole kwa yaliyokukuta. Niongeze kwenye boljointi. Katika gari hilo boljointi ya chini imekaa kwa namna ya kuvutwa, si ya kukandamizwa: uzito wa gari unajaribu kuitenganisha muda wote. Ndiyo maana ikichakaa haipigi kelele kwa muda mrefu kama za magari mengine, inaachia tu. Asiyetaka yamkute aweke jeki chini ya mkono wa chini, anyanyue gurudumu, atie mtaimbo chini ya tairi na kuinua huku mwenzake akiwa ameweka kidole kwenye kiungo. Ukisikia mchezo wowote, badilisha zote mbili na bolti zake nne nne ziwe mpya, na ununue za mtengenezaji mwenyewe hata kama ni ghali.

Ila kwenye bampa natofautiana na wewe. Kati ya hapa na Kibondo ng'ombe na mbuzi wanavuka barabara jioni nzima. Nimeyapokea hapa gereji magari ambayo rejeta imerudi hadi kwenye feni kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Bampa la chuma si urembo kwetu.

Mwanzisha uzi

Fundi wangu, nashukuru sana, na hayo ya mtaimbo nitayafanya kila kilomita 10,000 kama ninavyobadilisha oili.

Kuhusu bampa nakubali hoja ya ng'ombe, nami sijarudisha bampa la plastiki. Nilichofanya ni kutafuta fundi wa kuchomelea aliyenitengenezea la mabomba, ambalo lina kilo 24 tu na limefungwa kwenye chesisi penyewe. Haliwezi kushindana na ng'ombe dume kwenye mwendo wa 90, lakini kwa mwendo huo hata la kilo 60 litakuachia maumivu. Kinga yangu kubwa dhidi ya ng'ombe ni kutosafiri jua likishazama, na kwenye safari ya kifamilia hilo linawezekana, tofauti na mwenye gari la biashara. Anayelazimika kusafiri usiku kila wiki, hesabu yake ni nyingine na sitamlaumu akifunga chuma.

Kuna sababu nyingine iliyonifanya nipunguze vitu vya mbele, na wewe fundi utanielewa. 1KZ-TE haivumilii joto. Ikichemka mara moja, silinda hedi inaweza kupasuka. Bampa langu la kwanza lilikuwa na winchi katikati na taa mbili kubwa, vyote vimesimama mbele ya rejeta. Katavi, nyasi zikiwa zimekomaa, mbegu zake zinajaza mapezi ya rejeta kama pamba. Tulipofika kambini nilimulika tochi kwa nyuma, na mwanga ulipenya kwenye robo ya juu tu. Kwingine kulikuwa kumeziba kabisa. Tulitumia saa mbili kuzichomoa kwa brashi laini na maji ya kumimina taratibu kutoka upande wa injini. Siku hizi kabla ya kuingia kwenye nyasi nafunga wavu wa mbu mbele ya rejeta, na jioni nautoa na kuukung'uta.

Winchi niliiuza. Tunakwenda magari mawili siku zote, tuna kamba nzuri ya kuvutia, sepetu, vibao vya kuweka chini ya tairi na winchi ya mkono ambayo siku za mjini inakaa stoo.

Mchangiaji, Ujiji

Kaka, habari za kazi. Mimi nina RAV4 ya zamani ninayoitumia kwa biashara, natoa mawese Kasulu na dagaa Kibirizi. Likizo ya mwezi wa saba nataka kuwapeleka watoto Gombe, na baadaye Mahale. Nimekuwa nikiambiwa kwamba gari langu ni dogo na nitafute Prado. Naomba ushauri wako kabla sijaingia kwenye mkopo.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, usiingie kwenye mkopo kwa sababu ya Gombe. Gombe haifikiki kwa gari. Unapanda boti kutoka Kigoma, na ukishafika ni kwa miguu, maana ndani hakuna barabara. Mahale nako ni hivyo hivyo, watu huenda kwa boti au kwa ndege ndogo na msituni wanatembea. Kwa hiyo kwenye safari zote mbili gari lako litabaki limeegeshwa mjini, na fedha za Prado zinaweza kulipia boti na viingilio vya watoto.

Kwa RAV4 yenyewe, kama unataka kuiandaa kwa safari nyingine za kiangazi, kwa mfano kwenda Uvinza na kuteremka hadi Mpanda, ningefanya mambo machache kwa utaratibu huu. Kwanza bushi, breki na mkanda wa feni, vyote vikaguliwe na fundi unayemwamini. Pili matairi manne mapya yenye ukuta imara na tairi la akiba la saizi kamili, lenye upepo. Tatu kinga ya chuma chini ya injini, kwa sababu gari lako liko chini na jiwe moja likipasua bakuli la oili safari imeishia hapo. Keria usiweke. Gari hilo ni jepesi, na wepesi huo utakufaa kwenye mchanga kuliko unavyodhani. Mimi nimewahi kuchimbua Prado yangu wakati gari dogo linanipita pembeni.

Kwa biashara ya mawese, weka sinia pana la plastiki lenye kingo nyuma, madumu yakae humo na yafungwe. Mafuta yakimwagika kwenye zulia la gari hayatoki, na dagaa wakifuata juu yake, gari hilo watoto hawatalipanda kwa furaha. Sinia likitoka, sehemu ya nyuma ni safi kwa mabegi ya safari. Kwako wewe hiyo ndiyo kubwa kuliko vyuma vyote nilivyoorodhesha.

Mchangiaji, Nzega

Mkuu, naona umeyapita matope haraka. Sisi tunaoishi na udongo mweusi wa mbuga tunajua kwamba hayo matairi ya njia zote mvua ikinyesha ni kama sabuni. Huoni unawadanganya watu?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Nzega, uko sahihi kuhusu udongo, na niseme wazi nisieleweke vibaya: kwenye mbuga nyeusi iliyolowa, tairi la njia zote linajaa udongo ndani ya mizunguko michache na kuwa laini kama chungu. Lakini nimeona pia matairi ya meno makubwa ya matope yakijaa vilevile, yakachukua muda mrefu zaidi kidogo tu, na mwenye nayo akakwama mbali zaidi na barabara. Udongo ule hauhongeki kwa tairi. Katika tambarare za Katavi, kule Katuma na Chada, ukiingia baada ya mvua unaweza kukaa siku mbili. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kusimama kabla ya kuingia, kupika chai, na kusubiri jua la saa nne au tano liukaushe uso wa udongo. Ndiyo maana mimi safari zangu za hifadhini nazipanga kati ya mwezi wa sita na wa kumi. Mwenye shamba mbugani, anayepita humo kila siku masika nzima, matairi ya meno makubwa kwake ndiyo matumizi ya kila siku, ayafunge bila wasiwasi, akijua yanapiga kelele kwenye lami na breki zake kwenye lami iliyolowa zinahitaji nafasi zaidi.

Niliulizwa pia kwa ujumbe binafsi kuhusu hema la paa, kwa sababu sikulisema. Hema sikuliuza. Kambi nyingine zina viboko wanaopita usiku, na watoto wanalala vizuri wakiwa juu. Nimefunga kapi nne kwenye boriti za banda la gari, kila moja na kamba yake, na kamba zote nne zinakutana kwenye nguzo moja. Naingiza gari, nafungua bolti nane, naipitisha mikanda miwili chini ya hema, kijana wangu mkubwa anavuta taratibu nami nashikilia pembe lisiyumbe. Likishapanda sentimita ishirini, mke wangu anarudisha gari nyuma na hema linabaki linaning'inia, limefunikwa na shuka kwa ajili ya vumbi. Keria nayo inafuata, bolti nyingine sita.

Kwa wanaokwenda kwenye mbung'o, yaani Katavi na Ugalla, niongeze kwamba mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi na kwa kitu kinachotembea. Turubai la bluu lililokuwa limefunika mizigo yangu lilitukusanyia wengi, wakawa wanapanda nasi kila tulipopunguza mwendo. Sasa tunafunika kwa la kijivu, na nguo za watoto mke wangu anazichagua za rangi ya kaki.

Gari nimelirudisha mzani wiki iliyopita likiwa limepakiwa kwa safari ya mwezi wa saba, watu sita ndani, maji, dizeli na hema juu. Safari hii liko chini ya kikomo kwa kilo 55. Mama alikuwemo, ameketi kiti cha mbele, akamwuliza mpima mzani kama uzito wake nao umeandikwa kwenye karatasi.